Kupanga Safari ya Siku ya Kuzaliwa ya Mwenza Wako Kwenye Pwani ya Italia, Ukitokea Zanzibar

Anayetaka kumpeleka mkewe au mumewe kwenye pwani ya Italia kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa huanza, mara nyingi, na wazo la kumshtukiza: tiketi zimefichwa kabatini, sanduku limefungwa kwa siri, na mwenyewe anaambiwa anakwenda wapi akiwa tayari yuko uwanja wa ndege. Wazo hilo ni zuri, lakini kwa wenye pasipoti ya Tanzania haliwezekani. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, hutiwa saini na mwombaji mwenyewe, na alama za vidole vyake huchukuliwa akiwa amesimama pale pale, isipokuwa kama alikwisha kuzitoa kwa viza nyingine ndani ya miezi 59 iliyopita. Kwa hiyo mwambie mapema, pangeni pamoja tarehe, nauli na nyumba ya kulala, kisha jiwekee siri ya siku moja tu, ile siku yenyewe. Siku hiyo ndiyo iamue mtalala mji gani, mtafika lini, na fedha zenu ziende wapi zaidi. Wengi wanaoharibikiwa na safari ya namna hii ni wale wanaotaka kuona Roma, Venezia, Firenze na bahari ndani ya wiki moja, na siku ya kuzaliwa ikawakuta ndani ya treni, wamechoka.

Mwezi gani

Pwani ya Italia ina msimu wake, na msimu huo haulingani na wetu. Kuanzia Novemba hadi Machi boti za abiria baina ya miji ya pwani ya Amalfi, iliyo kusini ya Napoli, husimama au hupungua mno, na hoteli nyingi hufunga milango. Julai na Agosti kila kitu kiko wazi, ila jua ni kali, bei hupanda, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Ferragosto, wakati ambapo Waitaliano wenyewe humiminika pwani. Nyakati nzuri kwa wawili wanaotaka utulivu ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni, na tena Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba.

Hapa sisi tuna bahati. Mei kwetu ni masika. Wageni hupungua, baadhi ya hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hufungwa kwa matengenezo, na wale wanaoishi kwa utalii, kuanzia mpishi hadi dereva wa watalii, hupata likizo ambayo Julai hawawezi hata kuiomba. Mwezi huo huo kule ni majira ya kuchipua, milima ina maua na mchana ni mrefu. Jambo la kujiandaa nalo ni baridi ya jioni, inayohitaji sweta, na baridi ya maji: bahari ya Amalfi mwezi Mei huwa na nyuzi 18 hadi 20 hivi, ilhali yetu wakati huo ina nyuzi 27 au 28. Ikiwa mwenza wako anapenda kuogelea kuliko kitu kingine chochote, Septemba ndiyo mwezi wake, kwa sababu maji huwa bado yana joto la kiangazi.

Na kama alizaliwa Januari? Chagua moja kati ya mawili. Ama mwende Sicilia, ambako Palermo na mji mdogo wa bahari wa Cefalù huendelea na maisha yao mwaka mzima, ama msherehekee kwa kuchelewa, mwezi wa Mei. Usiiwahishe tarehe, maana Waitaliano huamini kwamba kumpongeza mtu kabla ya siku yake ya kuzaliwa ni kumletea nuksi, na mhudumu wa mkahawa ukimwambia kuwa siku yenyewe ni wiki ijayo hatofurahi kukuwashia mshumaa.

Makaratasi

Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45, kwa hiyo kwa siku ya kuzaliwa iliyo mwishoni mwa Mei mimi ningepeleka makaratasi Februari. Ubalozi wa Italia uko Dar es Salaam. Hesabuni nauli ya boti ya wawili na siku nzima ya kwenda na kurudi, na kabla ya kuvuka hakikisheni miadi yenu imethibitishwa na ni wapi hasa mnatakiwa kufika. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi viza ikikataliwa.

Pasipoti zenu ziwe zimetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ziwe na kurasa mbili tupu angalau, na muda wake uendelee kwa miezi mitatu baada ya siku mtakayotoka Ulaya. Bima ya afya ya safari iwe inabeba gharama zisizopungua yuro 30,000 katika nchi zote za Schengen. Taarifa za benki zionyeshe maisha yenu ya kawaida ya miezi kadhaa. Fedha nyingi iliyoingizwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba huzusha maswali badala ya kuyajibu. Afisa anataka pia kuona sababu ya nyinyi kurudi nyumbani: barua ya mwajiri inayotaja likizo, leseni ya biashara, hati ya nyumba au shamba la karafuu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mtakaowaacha kwa bibi yao.

Kuna waraka mmoja ambao kwa Wazanzibari una uzito wa pekee, nao ni cheti cha ndoa. Kwetu mke habadilishi jina kwa kuolewa, hivyo pasipoti mbili zenye majina yasiyofanana hazimwambii afisa wa Italia kwamba mbele yake wako mume na mke. Hakikisheni majina kwenye cheti yanalingana, herufi kwa herufi, na yale ya pasipoti, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili kifanyiwe tafsiri rasmi. Kasoro ya herufi moja, Khadija na Hadija, ni bora irekebishwe huku kwetu mapema kuliko kuelezewa dirishani.

Msilipie tiketi wala hoteli zisizoweza kufutwa kabla viza hazijatoka. Wekeni nafasi zinazokubali kufutwa bila malipo. Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume mnaweza kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines, Doha kwa Qatar Airways, au Istanbul kwa Turkish Airlines, na kuingia Roma. Ziko pia ndege za kukodi za msimu zinazoleta watalii wa Kiitalia moja kwa moja, hasa kutoka Milano, na si vibaya kuuliza kwa wakala kama zinauza viti vya kwenda na kurudi kwa wakaazi wa huku. Mkifika mpakani mtachukuliwa picha, kwa kuwa tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kutumia usajili wa kielektroniki kwa wageni. Mwanamke anayefunika uso atatakiwa kuufunua kwa ajili ya utambulisho, na ni vyema aombe afisa wa kike mapema badala ya kusubiri aambiwe. Hijabu na buibui hazina tatizo.

Mahali pa kukaa

Italia ina pwani ndefu mno, na kila sehemu ina watu wake. Kwa siku ya kuzaliwa ya wawili, mimi nachagua pwani ya Amalfi, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Miji imeshikilia miamba juu ya bahari, malimau yamepandwa kwenye matuta hadi karibu na paa za nyumba, na umbali kati ya mji na mji ni mdogo, kwa hiyo hamtumii siku zenu kusafiri.

Picha nyingi mnazoziona ni za Positano. Ni mji mzuri kweli, lakini ni ghali kuliko jirani zake, na hoteli zake nyingi hufikiwa kwa ngazi nyingi za mawe ambazo sanduku litawatesa. Ningelala Atrani au Minori. Atrani ndiyo manispaa ndogo kuliko zote Italia kwa eneo, kilomita za mraba 0.12 tu, na iko dakika kumi hivi kwa miguu kutoka Amalfi. Vichochoro vyake vilivyofunikwa juu, vinavyopanda na kushuka baina ya kuta nyeupe, humfanya mtu wa Mji Mkongwe ajihisi yuko Shangani au Malindi. Minori una ufukwe, una njia ya miguu ipitayo katikati ya mashamba ya malimau hadi Maiori, na bei zake ni za kistaarabu zaidi. Kabla ya kulipia popote, mwandikie mwenye nyumba umuulize swali moja: kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi ngapi?

Msikodi gari. Barabara ya SS163, ipitayo kando ya pwani hiyo, ni nyembamba, kona zake ni kali, mabasi hupishana kwa taabu, maegesho ni ghali, na katika miezi ya wageni wengi magari ya wasio wakaazi huruhusiwa kupita kwa zamu kufuatana na nambari zake. Pandeni treni ya mwendo wa kasi kutoka Roma hadi Salerno, safari ya yapata saa mbili, kisha boti ya abiria kutoka Salerno hadi Amalfi, inayochukua kama dakika 35. Kuingia Amalfi kwa bahari ni zawadi ya kwanza ya safari, na watu wa visiwani wataielewa bila kuelezwa. Tiketi za treni za kasi huwa rahisi zaidi zikinunuliwa wiki kadhaa mapema. Tiketi za karatasi za treni za mikoa lazima zigongwe muhuri kwenye mashine iliyopo kituoni kabla ya kupanda, la sivyo mtatozwa faini hata kama mmelipa. Na ratiba zote husomwa kwa saa 24: 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Andikeni kila saa kwa namna zote mbili kwenye karatasi moja, ili asiwepo wa kukosea kwa haraka.

Wanaopenda kutembea kwa miguu kuliko kukaa wataipenda zaidi Cinque Terre, vijiji vitano vya pwani ya Liguria vinavyounganishwa na treni. Baina ya Riomaggiore na Manarola kuna njia iitwayo Via dell'Amore, yaani Njia ya Mapenzi, iliyofungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuporomoka na kufunguliwa tena mwaka 2024. Huingii bila tiketi na nafasi iliyowekwa mapema. Hiyo peke yake yatosha kuwa siku ya kuzaliwa ya mtu. Na kwa wanaotaka mchanga, bei ya chini na watalii wachache, kuna Cilento, kusini zaidi ya Salerno, kwenye fukwe za Castellabate na karibu na mahekalu ya Kigiriki ya Paestum.

Siku yenyewe

Fikeni siku mbili au tatu kabla. Siku ya kuzaliwa isiwe siku ya pili ya usingizi mbovu wa ndege, wala isiwe ya mwisho, kwa sababu bahari huchafuka na boti hufutwa, na ni lazima uwe na siku ya akiba mbele yako.

Asubuhi na mapema mpeleke Ravello, mji ulio juu ya mlima, kwenye mita 350 na kitu kutoka usawa wa bahari, kwa basi linaloondoka Amalfi. Kuna bustani mbili za kuchagua. Villa Rufolo ilijengwa na familia ya wafanyabiashara katika karne ya 13, na matao yake yaliyosukwa yana athari ya wazi ya ujenzi wa Kiarabu. Mtunzi wa muziki Richard Wagner alifika hapo mwaka 1880 na bustani hiyo ikamkaa moyoni. Villa Cimbrone iko mbali kidogo kwa miguu, na mwisho wake kuna roshani ndefu yenye sanamu za marumaru, chini yake hakuna kitu ila bahari. Mimi ningekwenda Cimbrone kwanza, kabla makundi ya wageni hayajapanda, na pale ndipo ningetoa zawadi.

Zawadi itoke nyumbani. Doti ya kanga uliyoichagua dukani Darajani kwa maneno yake, ambayo wewe na yeye tu mnajua kwa nini umeyachagua, ina thamani kuliko mkoba wowote utakaoununua Italia, na pale roshani penye upepo itamfaa papo hapo mabegani. Kikuba cha asumini kiacheni: mimea na maua mabichi hayaingizwi Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, na nyama, maziwa na samli navyo hukamatwa kwa wasafiri. Marashi na udi vinaingia, ila msifukize udi chumbani, kwa sababu vyumba vingi vya hoteli vina king'ora cha moshi; jipakeni mafuta ya udi yatoshe.

Mchana uwe mwepesi, halafu alasiri ndiyo wakati wa bahari. Kukodi mashua ndogo na nahodha wake kwa saa mbili au tatu ni gharama kubwa kuliko zote za siku hiyo, na ni gharama ninayoitetea kwa moyo wote: ukiwa majini ndipo unapoiona pwani ile ilivyo, nyumba juu ya nyumba, na mko wawili tu na nahodha. Weka nafasi kwa maandishi, uliza kama mafuta yamo katika bei, na ukubaliane tangu mwanzo kwamba hali ya hewa ikiwa mbaya utarudishiwa fedha au utabadilishiwa siku. Mwambie pia nahodha asiwakaribishe kwa mvinyo, maana wengi hufanya hivyo kwa nia njema; badala yake aweke maji baridi na matunda. Bahari ikikataa, nendeni kwenye kanisa kuu la Amalfi, mkaone ua uitwao Chiostro del Paradiso, wa karne ya 13, wenye matao meupe membamba yaliyopishana kwa mtindo wa Kiarabu, kisha makumbusho ya karatasi, kazi iliyoupa mji huo jina kwa karne nyingi. Kumbukeni kwamba Amalfi ilikuwa dola ya wafanyabiashara wa baharini waliokwenda hadi Misri na Sham, na mtu wa pwani yetu atasimama pale kwa hamu zaidi ya mgeni mwingine.

Usiku panga meza yenye kuangalia bahari. Mwishoni mwa Mei jua huzama kule karibu saa mbili na robo usiku, zaidi ya saa mbili baada ya hapa kwetu kwa kusoma saa ya ukutani, na mikahawa huanza kupokea wageni wa usiku saa moja na nusu. Ukiweka meza saa mbili kamili, magharibi itawaangukia katikati ya chakula. Ni bora mtazame jua likizama mkiwa ufukweni, msali, ndipo mwende mezani saa tatu, saa ambayo kwa Waitaliano si ya kuchelewa hata kidogo. Isha huingia usiku mwingi na alfajiri huwahi mno. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza sala kwa masharti yake, na ni vizuri kumuuliza sheikh wenu kabla ya kuondoka ni siku ngapi zinahesabiwa.

Keki iagize siku mbili kabla kwa mpishi wa keki, na mjulishe mwenye mkahawa kwamba italetwa. Baadhi hutoza kidogo kwa kuikata na kuihudumia. Hapa uwe macho sana. Keki maarufu ya pwani hiyo, delizia al limone, mara nyingi hulowekwa kwa limoncello, ambayo ni pombe; tiramisù nyingi zina mvinyo wa marsala; panna cotta hugandishwa kwa jelatini ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Andika kwenye karatasi maneno haya na uyakabidhi kwa mkono: senza alcol, senza liquore, senza gelatina, yaani bila pombe, bila kileo kitamu, bila jelatini. Kwa chakula chenyewe ongeza senza vino na senza maiale, yaani bila mvinyo na bila nguruwe, kwa kuwa hata samaki na chaza hupikwa kwa mvinyo mweupe pasipo menyu kutaja. Hapo hamtakosa cha kula: samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni, dagaa wa Cetara, pizza marinara yenye nyanya, vitunguu saumu na majani makavu tu. Taralli za Napoli, biskuti kavu za chumvi zenye pilipili manga, ziacheni, kwani hukandwa kwa mafuta ya nguruwe.

Kijana yeyote wa Kiwengwa aliyekulia karibu na hoteli za Waitaliano anaweza kukuandikia barua hizi zote za kuagiza kwa Kiitalia safi, na jibu utakalolipata kwa lugha yao huwa la ukarimu zaidi kuliko lile la Kiingereza. Mtafute, mlipe haki yake, na umwombe pia akufundishe kumtamkia mwenza wako buon compleanno, yaani heri ya siku ya kuzaliwa, vizuri.

Fedha ndogo ndogo, na usiku wa mwisho

Hoteli zitawadai kodi ya mji kwa kila mtu kwa kila usiku, juu ya bei mliyolipa. Mikahawa huongeza coperto, malipo ya kila mtu anayekaa mezani, na hayo si udanganyifu. Fukwe nyingi zina wenyewe, na kitanda na mwavuli hulipiwa. Ufukwe wa bure huandikwa spiaggia libera. Viatu vya kuogea ni vya lazima, kwani sehemu kubwa ni kokoto. Ijulisheni benki yenu kuwa kadi itatumika Italia, na mbebe yuro taslimu za kutosha siku mbili.

Usiku wa mwisho msilale Amalfi. Boti ya asubuhi ikifutwa na barabara ikijaa, ndege haitawasubiri. Shukeni Salerno siku moja kabla, mpande treni ya Roma, na mkae karibu na njia ya uwanja wa ndege. Mkiweza kuipanga siku hiyo iwe Ijumaa, Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995 kaskazini ya mji, una nafasi ya kutosha kwa wanaume na wanawake. Fikeni kabla ya adhuhuri, kwa sababu waumini huja kutoka kila pembe ya mji.